Kichwa Changu Si Mali ya Seva Yako

Leo sina mafunzo ya hatua kwa hatua wala kipande cha programu cha kunakili. Leo nina hasira, na nitaitoa hapa hapa.

Kuna maneno mawili matatu ambayo nimeyasikia kwa wasanidi programu wenzangu mara nyingi mno: "Atazoea tu." Husemwa mtu anapovaa miwani ya uhalisia pepe, akaingia katika ukumbi wenye watu wengine, akasukuma kijiti cha kidhibiti ili avata wake atembee, na baada ya dakika tatu akaivua miwani huku jasho jembamba likimtoka na tumbo likimchafuka. Msanidi hutabasamu. Atazoea tu! Kana kwamba huyo ni mtoto anayefundishwa kula pilipili.

Mimi nasema hapana. Programu inayomtia mtumiaji kichefuchefu ina kasoro, sawa na programu inayomfutia faili zake. Hatuwaambii watu wazoee kupoteza faili. Tunarudi kwenye tarakilishi, tunaitafuta kasoro, tunairekebisha. Kwa nini tumbo la mtu liwe na heshima ndogo kuliko faili?

Nitasema hoja yangu mapema ili asiyetaka kusoma yote aondoke nayo. Katika uhalisia pepe wa pamoja, yaani mahali ambapo watu wengi wamo ndani kwa wakati mmoja, sheria ya kwanza iwe hii: macho ya mtumiaji hayasogezwi na yeyote ila yeye mwenyewe, na kwa njia aliyoichagua yeye. Si seva, si mtumiaji mwingine, si aliyejenga ukumbi. Na kabla hajachagua chochote, apewe njia iliyo pole kuliko zote. Mengine yote ni matawi ya mti huo.

TUACHE KUWALAUMU WAGONJWA

Hebu tuanze na mwili, kwa sababu wengi wetu tulisoma sayansi ya kompyuta na kuusahau mwili nje ya mlango wa maabara.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu ya nusu duara iliyojaa majimaji. Hiyo huhisi kichwa kinapozunguka. Karibu nayo mna sehemu mbili zenye vijiwe vidogo sana, ambazo huhisi mwili unapoanza kwenda, unaposimama au unapoinama. Ubongo hulinganisha habari za sikio na habari za macho kila wakati bila kukuuliza. Sasa sukuma kijiti cha kidhibiti ukiwa umekaa kwenye kiti. Macho yanasema, "Tunakwenda." Sikio linasema, "Tumekaa." Mgongano huo ndio James Reason na J. J. Brand walioueleza katika kitabu chao kuhusu kichefuchefu cha safari mwaka 1975, na ndio maelezo ambayo watu wa fani hii wameyategemea kuliko mengine.

Kuna jambo moja ambalo msanidi anapaswa kulishika sana. Sikio halihisi mwendo usiobadilika. Linahisi mabadiliko: kuanza, kusimama, kupinda, kuzunguka. Ndiyo maana kugeuzwa taratibu kwa kijiti huumiza kuliko kwenda moja kwa moja, na ndiyo maana ile "laini" tunayoiongeza ili mwendo upendeze (avata aanze polepole, aharakishe, apunguze) huweza kumwongezea mtu maumivu. Tunaremba sumu.

Fikiria pia matatu ikiteremka kuelekea Mai Mahiu. Abiria aliyeinamia simu anatafuta mfuko wa plastiki, dereva anapiga mluzi. Barabara ni ile ile, kona ni zile zile. Tofauti ni kwamba dereva anajua kona inakuja, na usukani uko mikononi mwake. Abiria anaviringishwa tu. Mfano huu tuuweke akilini, tutaurudia tukifika kwenye seva.

Halafu kuna wale wanaosema, "Mbona mimi sisikii chochote?" Ndugu yangu, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe umeivaa miwani hiyo kila siku kwa miaka kadhaa, na pengine ilitengenezwa kwa kupimwa kwenye uso unaofanana na wako. Mwaka 2020 Kay Stanney na wenzake walichapisha utafiti uliochunguza kwa nini wanawake waliugua zaidi ndani ya miwani hizi. Walichogundua si udhaifu wa mwanamke. Sababu kubwa ilikuwa umbali kati ya lenzi mbili: miwani haikuweza kurekebishwa ikalingana na umbali kati ya mboni za macho za wanawake wengi. Chombo ndicho kilichokuwa na kasoro, na lawama akabebeshwa mvaaji! Huku kwetu, ambako katika maonyesho na maabara miwani moja hupita vichwa vingi na hakuna anayegusa kile kirekebishi cha lenzi, tujiulize ni wangapi wameondoka wakiamini kwamba uhalisia pepe "si wao".

DAWA ZIPO, TENA SI NGENI

Asiniambie mtu kwamba tatizo hili halina jibu. Mwaka 2016, miwani za HTC Vive na Oculus Rift zilipoingia sokoni, majibu yalikuwa yameshaanza kupatikana.

Jibu la kwanza ni kuruka. Unaelekeza mkono mahali unapotaka, unabonyeza, unajikuta pale. Wengine huita teleporti. Picha haikutiririka mbele ya macho, kwa hiyo hakuna habari ya uongo ya kwenda, na sikio halina la kubishania. Valve waliitumia katika The Lab mwaka 2016.

Jibu la pili ni kugeuka kwa vipande. Badala ya dunia nzima kuzunguka polepole, unageuka nyuzi 30 au 45 kwa mara moja.

Jibu la tatu ni kubana uwanja wa kuona wakati wa mwendo: kingo za picha zinaingia giza taratibu, kisha zinafunguka ukisimama. Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia walionyesha mwaka 2016 kwamba hili likifanywa kwa upole hupunguza kichefuchefu, na watu wengi hata hawalitambui. Google Earth VR ilipotoka mwaka huo huo ilikuja na kitu cha namna hiyo.

Na Half-Life: Alyx ya mwaka 2020, mchezo wa mtu mmoja uliotengenezwa kwa fedha nyingi na watu wenye uzoefu, ilimpa mchezaji njia nne za kwenda achague mwenyewe. Hawakumwambia mtu azoee.

UGOMVI UNAPOANZIA: WATU WAKIWA WENGI

Sasa tunafika penye ubishi wenyewe. Mchezo wa mtu mmoja ni rahisi. Ukiruka, nani atakuona? Katika ukumbi wa pamoja, mwendo wangu ni picha machoni pa wengine. Nikiruka kutoka hapa hadi pale, wewe unaniona nikitoweka na kuzuka mahali pengine kama jini. Tukiwa tunaongea, unabaki ukiongea na hewa. Tukiwa kwenye mashindano, nakutokea mgongoni. Tena mwenye nia mbaya anaweza kumrukia mtu usoni, akaondoka, akarudi tena, bila anayesumbuliwa kupata nafasi ya kujihadhari.

Hoja hii ni ya kweli, siipuuzi. Ninachokataa ni suluhisho la mkato linalofuata: "Basi tuondoe kuruka, wote watembee kwa kijiti." Yaani kwa kuwa wa nje wanasumbuka na ninavyoonekana, mimi wa ndani niugue. Huko ni kuchanganya vitu viwili ambavyo tarakilishi haina sababu yoyote ya kuvichanganya: ninachokiona mimi, na wanachokiona wengine kuhusu mimi. Picha ya macho yangu inachorwa kwenye miwani yangu. Avata wangu anachorwa kwenye miwani yako. Ni michoro miwili, kwenye mashine mbili! Nani alisema lazima ifanane?

VRChat ilituonyesha njia kwa kile walichokiita Holoport. Ukisukuma kijiti, mtazamo wako unabaki palepale. Unamwona avata wako mwenyewe akitoka na kutembea mbele yako. Ukiachia kijiti, mtazamo wako unahamia alipofika. Wenzako hawaoni jini lolote; wanaona mtu akitembea kwa miguu yake kama wengine. Tumbo langu limetulia, macho yako yametulia. Mnaweza kubishana kama njia hiyo inapendeza au la, lakini hamwezi tena kusema haiwezekani.

Na kuhusu mashindano, hesabu ni ya darasa la sita. Kama anayetembea huenda mita 3 kwa sekunde, basi anayeruka mita 6 asubiri sekunde 2 kabla ya kuruka tena. Kasi ya wastani ni ile ile. Mkiona bado kuna faida ya kukwepa risasi, mwonyesheni adui kivuli kinachopita njia yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Hii si kazi ya profesa.

SEVA, ONDOA MKONO KICHWANI MWANGU

Sasa turudi kwenye lile matatu. Nilisema dereva hatapiki kwa sababu usukani uko kwake. Katika programu nyingi za pamoja, usukani si wa mtumiaji. Ni wa seva.

Wanaotengeneza michezo ya mtandaoni wanajua utaratibu huu. Mashine yako inakadiria ulipo, inakusogeza mara moja, kisha inaitaarifu seva. Seva ikiwa na maoni tofauti (labda uligonga mlango ambao mwenzako alishaufunga), inakurudisha nyuma. Kwenye skrini ya mezani, kurudishwa huko ni kero ndogo. Ndani ya miwani, ni sawa na mtu kukushika kichwa na kukivuta bila taarifa. Sikio halikuhisi, mkono haukuamuru, macho yanaona dunia nzima imeruka.

Sisi wa huku tunaumizwa zaidi, na sababu ni fizikia. Mwanga ndani ya waya wa nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni 13,600, yaani milisekunde 68, na hapo hatujahesabu kwamba nyaya hupita baharini kwa kuzunguka, wala vituo vyote vya njiani. Hiyo ni sakafu; muda halisi uko juu yake. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilizofika mwaka 2009 zilituokoa kutoka kwenye setilaiti, lakini hakuna waya utakaoishinda kasi ya mwanga. Kadiri seva inavyokuwa mbali, ndivyo makadirio ya mashine yangu yanavyochelewa kusahihishwa, na ndivyo masahihisho yanavyokuja kwa kishindo. Msanidi aliyeketi jirani na seva yake hataiona kasoro hii kamwe. Kwake kila kitu ni laini. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Dawa ni ile ile ya kutenganisha. Seva iwe na mamlaka juu ya wanachokiona wengine kuhusu mimi. Iamue kama nilifunga bao, iamue kama mlango ulikuwa umefungwa. Kamera ya macho yangu isiiguse. Ikilazimika kunihamisha, na kuna nyakati italazimika, basi izime picha iwe giza kwa muda mfupi, inihamishe, iwashe tena. Kufumba na kufumbua. Kazi ya nusu siku kwa msanidi, na mtumiaji anabaki na chakula chake cha mchana.

NA WENZANGU NAO WASINISUKUME

Starehe ndani ya ukumbi wa pamoja haihusu tumbo peke yake. Mwanaanthropolojia Edward Hall aliandika mwaka 1966 kwamba watu wana duara la nafasi yao binafsi, ambalo kwa Wamarekani aliowachunguza lilikuwa kati ya sentimita 45 na mita 1.2 hivi. Kila jamii ina kipimo chake, lakini hakuna jamii isiyo nacho. Mwili hauachi kuhisi jambo hilo kwa sababu anayekusogelea ametengenezwa kwa pembetatu.

Mwaka 2016 mchezaji mmoja mwanamke alieleza hadharani jinsi avata wa mchezaji mwingine alivyomfuata na kumshikashika ndani ya mchezo wa QuiVr. Watengenezaji wake hawakumwambia azoee. Walitengeneza kinga ambayo mchezaji huiwasha kwa ishara ya mikono. Mwaka huo huo AltspaceVR iliongeza kiputo cha kumzunguka mtumiaji. Njia ilikuwa imeonyeshwa! Lakini Desemba 2021 Meta ilipofungua Horizon Worlds kwa watu wazima wa Marekani na Kanada, malalamiko ya namna ile ile yalisikika tena, na ni Februari 2022 tu ndipo ikaweka mpaka wa karibu futi nne kati ya avata, ukiwa umewashwa tangu mwanzo. Miaka mitano na ushee kurudia somo lililokwisha kufundishwa.

Lakini angalieni namna mpaka huo ulivyofanya kazi, kwa maana ndipo penye funzo: anayekaribia ndiye anayesimamishwa. Yule aliyesimama zake hasukumwi. Nimeona kumbi ambako kinyume chake hutokea. Avata wawili wakigongana, wote wawili hurushwa kando kama mipira. Fikiria: umesimama kimya unamsikiliza mwalimu, mhuni anakuja mbio, na kamera yako inayumba kwa sababu yake. Amepewa usukani wa kichwa chako bila leseni.

MAJIBU KWA WABISHI

"Watu huzoea kweli." Naam, wengi huzoea, wakianza kwa vipindi vifupi na kuacha mapema wanapoanza kusikia vibaya. Lakini hebu tazameni ukumbi wa pamoja. Katika mchezo wa peke yangu nikisikia vibaya navua, nakunywa maji, hakuna anayejua. Nikiwa darasani au mkutanoni na watu kumi na wawili, naona aibu kuondoka. Navumilia. Dakika tano zinakuwa ishirini, na kichefuchefu cha ishirini hakiishi ukivua miwani. Unaweza kukaa nacho kwa saa kadhaa. Kwa hiyo pale pale ambapo mtu anahitaji kuacha mapema ndipo haya inapomzuia. Siku ya pili hatalalamika. Hatakuja tu. Na nyinyi mtaandika kwenye ripoti kwamba "hakuvutiwa".

"Kuruka kunaharibu hisia ya kuwa mle ndani." Kutapika kunaharibu zaidi.

"Mipangilio ya starehe ipo, aitafute." Iko wapi? Ukurasa wa tatu, chini ya picha na sauti, ndani ya menyu ambayo lazima uisome ukiwa tayari kichwa kinazunguka. Anayeihitaji zaidi ndiye asiyeweza kuifikia. Ndiyo maana nasisitiza chaguo-msingi. Asiye na shida ataitafuta njia ya kasi mwenyewe, na ataipata, kwa sababu ana nguvu za kutafuta.

NINACHODAI

Enyi wasanidi wenzangu, kabla ya kuwaita watu kwenye ukumbi wenu mpya, pitieni orodha hii:

1. Kuruka na kugeuka kwa vipande viwe ndiyo mwanzo kwa kila mgeni. Kutembea kwa kijiti kuwepo, kwa atakayeuchagua.
2. Anachoona mtumiaji na wanachoona wenzake kuhusu mwendo wake viwe vitu viwili katika programu tangu siku ya kwanza. Kuvitenganisha baadaye ni kubomoa nyumba.
3. Seva isivute kamera. Ikibidi kuhamisha mtu, giza kwanza.
4. Mpaka wa avata uwashwe tangu mwanzo, na umsimamishe anayekuja, usimsukume aliyepo.
5. Aliyejenga ukumbi asimpakie mtu kwenye gari, lifti au sakafu inayotembea bila kumwuliza kwanza. Ruhusa hiyo iwe ya jukwaa lenyewe, isiachiwe mjenzi.
6. Kutoka kuwe rahisi na kusiwe na aibu: kitufe kimoja kinachokupeleka mahali tulivu, sauti za wenzako ukiendelea kuzisikia.
7. Jaribuni kwa mtu ambaye hajawahi kuvaa miwani, kwenye mtandao wenye ucheleweshaji wa milisekunde 200. Msijaribiane wenyewe kwa wenyewe mezani.

Hakuna hata moja kati ya hizi saba inayohitaji mashine mpya au utafiti wa miaka kumi. Zote zinahitaji msanidi akubali kwamba yule anayevua miwani dakika ya tatu ameshamwandikia ripoti ya kasoro iliyokamilika: hatua, matokeo, na ushahidi uko kwenye jasho la paji la uso wake. Ripoti hiyo haifungwi kwa maneno "atazoea tu". Hufungwa kwa kurekebisha.

Anayebisha, karibu. Lakini kwanza vaa miwani, niachie mimi kijiti cha kidhibiti, nikuendeshe kwa dakika kumi. Kisha tuzungumze.